Jina Wanalolitaka Thika

Baba wa Jerida wangu, huko ulikofungiwa,

Jumatatu wananitaka Thika, na wamesema nisifike mikono mitupu. Wanataka jina. Yule mzungu kijana wa kuuliza maswali aliitazama miguu yangu, halafu akasema maneno yake na karani akanitafsiria: "Mama, bwana anasema mume wako si mtu mbaya. Alifundishwa. Wewe leta jina ya yule alimfundisha, mume wako atarudi nyumbani kabla kahawa iive. Ukikataa, atapelekwa mbali, kule hata barua haifiki." Tulipotoka nje karani akaongeza la kwake kwa sauti ya chini, "Dada, sema tu. Jina ni kitu kidogo." Hiyo ilikuwa Jumatano. Leo ni Ijumaa. Naogopa, Enoka. Naliandika hilo mwanzo ili usije ukasikia kwa watu kwamba mkeo alikuwa shujaa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho cha nyumba yetu. Wewe Mluhya wa Bunyore, mimi Mkamba wa Yatta, na siku ile ulipokuja kwetu na shangazi yako na mbuzi wawili wembamba, baba alitikisa kichwa akasema nyumba ya lugha ya kuazima haidumu. Imedumu miaka minane. Tumegombana kwa Kiswahili, tumepatana kwa Kiswahili, na Jerida hajui kulia kwa lugha nyingine. Mlango nimeutia komeo ingawa ni saa nane mchana na jua ni kali. Mke wa Yakobo yuko ng'ambo ya ukuta anapepeta mahindi, na kila akisimamisha ungo nami nasimamisha kalamu.

Watu husema mdomo uliponza kichwa. Wewe kilichokuponza ni mkono. Nilipoolewa sikujua kwamba nimepewa mtu asiyeweza kumpita binadamu bila kumshika mkono. Kwetu pia husalimiana, lakini mtu husalimia akitembea. Wewe ulisimama. Kutoka laini zetu za wafanyakazi hadi stesheni ya Ruiru ni mwendo wa nusu saa, na nikiwa nawe ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Ulimshika mkono mzee, ukamshika mama, na mtoto aliyefungwa mgongoni mkono wake ulitafutwa ndani ya shuka mpaka ukapatikana. Halafu maswali yako. Ng'ombe amezaa? Mguu umepona? Yule ndugu yako wa Kisumu ameandika? Mimi nasimama kando na kikapu kichwani, nakuambia, "Wewe siku ya kwenda mbinguni utakuta wamefunga, bado unasalimia watu wa njiani." Nawe unacheka, unasema kwenu kumpita mtu unayemjua kama unapita mti ni kumlaani. Nilikusimanga kwa hilo miaka yote. Sasa ningetoa chochote nisimame tena pale juani nikikungoja umalize.

Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unapitia duka la Mzee Salimu, Mwarabu aliyetoka Yemeni akiwa kijana akazeekea Ruiru, akiuza sukari na mafuta ya taa. Aliyekupeleka kwake mara ya kwanza ni Yakobo. Jirani yetu Yakobo, mtu wa kwenu, mliyepanda naye treni moja kuja kutafuta kazi kwa wazungu wa kahawa. Mzee Salimu alikuwa na redio, na mwaka jana redio ile haikusema kingine ila Misri na mfereji wake. Mimi nilikuja kununua sukari nikabaki mlangoni, najifanya nachagua viberiti.

Nakumbuka siku Yakobo alipouliza swali lile lile ninaloulizwa mimi sasa. Alisema, "Mzee, hawa watu ya Misri, nani aliwafundisha hii fujo?" Mzee Salimu alikuwa anapima sukari. Hakuinua macho. Akasema, "Fundisho gani, Yakobo? Mtu analima pamba ya dunia nzima na mtoto wake yuko uchi, huyo anataka mwalimu?"

Akatueleza polepole, huku akifunga sukari katika karatasi. Kwamba kule ardhi nzuri yote ya kando ya mto ilikuwa ya mfalme na jamaa wachache wakubwa, na mkulima alikodi kipande cha kulalia tu. Kwamba bei ya mkate ilipanda, na mshahara ukakaa pale pale. Vijana walisoma mpaka wakamaliza vitabu, kisha wakakaa barazani bila kazi, kwa maana viti vya ofisini vilikuwa vya watoto wa wakubwa. Na mfereji wenyewe ulichimbwa na babu zao, wengi wakafia humo humo, halafu ukalindwa na askari wageni. "Na hayo yote watu waliyavumilia miaka na miaka," akasema. "Binadamu huvumilia njaa. Lakini akienda kwa mkubwa kusema ana njaa akafungiwa mlango, akaenda tena akafungiwa, mara ya tatu haendi peke yake. Ndivyo ilivyo Misri, ndivyo ilivyo kwetu Yemeni, na nchi zote za Waarabu ninazozijua. Redio haimtoi mtu nyumbani kwake. Inamwambia tu kwamba wako wengi."

Tulirudi nyumbani. Uliwapita watu wawili njiani pasipo kuwasalimia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Karibu na mto ukaniambia, "Mama Jerida, yule mzee hakuwa anasema habari ya Misri." Nikakuambia nyamaza, hii ni Hali ya Hatari, hata majani ya kahawa yana masikio. Lakini nilikuwa nimesikia kama ulivyosikia. Nilifikiria shamba la baba yako Bunyore, lililogawanywa mpaka ng'ombe akigeuka mkia unaingia kwa jirani. Nikafikiria ng'ombe wa kwetu waliokusanywa nilipokuwa msichana wakauzwa kwa nguvu, ati wanamaliza nyasi, na baba akaketi mlangoni siku nzima akilitazama zizi tupu. Nikafikiria pia posho yetu ya kila Jumamosi na wadudu wake. Nilipepeta unga ule jioni hiyo kwa hasira mpaka ukaniuliza nina nini.

Halafu likaja lile neno la debe. Nitaliandika lote, maana wewe hukuwako, ulikuwa kule chini kwenye mashine ya kumenya kahawa, na mengine hukuyajua mpaka wakati ulipokuwa umepita.

Tangu nianze kuchuma katika shamba lile, debe lilikuwa debe. Unajaza kahawa mbivu mpaka ukingoni, unapitisha mkono juu kulisawazisha, nyapara anakutilia alama. Mavuno ya mwaka jana nyapara akaja na amri ya ofisi kwamba tangu leo debe liwe na kilima. Asiyeweka kilima, siku yake haihesabiwi. Kilima chenyewe ni kiganja kimoja juu ya ukingo. Kwa anayeketi ofisini ni kidogo. Kwa mwanamke aliyeinama tangu alfajiri na mtoto mgongoni, kiganja kile ni mti mzima wa kuchuma tena.

Tulipeleka shauri. Kwanza kwa nyapara mwenyewe, akacheka. Kisha tukamwomba karani wa shamba atuandikie, akaandika, jibu halikuja. Mara ya tatu tulikwenda wanne nyumbani kwa mzungu mwenye shamba, kwa kuwa tukizidi hapo tungeambiwa ni mkutano wa kuvunja serikali. Mpishi alitoka akasema bwana anakula, akafunga mlango. Tulikaa pale barazani mpaka tukasikia sahani zinaoshwa. Mwenzangu mmoja akasema, "Hata mbwa huambiwa toka." Tukarudi.

Kesho yake nilijaza debe langu, nikalisawazisha kwa mkono, nyapara akasema, "Ongeza," akaenda zake mwisho wa mstari. Enoka, sikuwa nimepanga kitu. Naapa kwa jina la mtoto wetu. Nikaligeuza debe, kahawa ikamwagika chini, nikalikalia. Aliyenifuata akanitazama, akageuza lake, akakaa. Kisha mwingine. Hakuna aliyeimba wala kupiga kelele, tulikaa tu mstari mzima, na nyapara akawa anakwenda huku na huku na kitabu chake akitutajia majina yetu kama kwamba tumeyasahau. Wewe ulitoka kwenye mashine karibu na adhuhuri kwa sababu kahawa haikuwa inafika. Ulitazama mstari wote ukaniona mimi wa kwanza, ukaelewa, na rangi ikakutoka usoni.

Jioni hukunigombeza. Nilitaka unigombeze. Ulikaa kwenye kigoda ukamkata Jerida kucha, mmoja mmoja, ukasema, "Wakiuliza, wewe ulikuwa nyuma. Sikia? Ulikuwa nyuma kabisa." Siku ya tatu debe likarudi usawa, na wanawake wakacheka wakichuma, hata mimi. Tulifikiri yameisha. Siku ya tano malori ya askari yakaja.

Sijawahi kukuambia nilichoona Thika, maana tangu siku ile sijapata nafasi ya kukuambia chochote. Walitushusha kwenye ule uwanja wenye waya, wanaume mstari wao, sisi wanawake wetu. Mbele aliketi mtu kwenye kiti, amevikwa gunia kutoka kichwani mpaka mapajani, matundu mawili tu ya macho. Ukifika mbele yake unasimama. Akitikisa kichwa kukataa, unapita, unakwenda zako. Akiitikia, askari wanakuchukua. Hakusema neno hata moja. Watu wazima walikuwa wanajikojolea, na mimi nilishika shuka la mwanamke wa mbele yangu ili nisianguke.

Gunia lilificha kila kitu isipokuwa miguu. Alikuwa peku. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole gumba, kilichukuliwa na jembe zamani, na hakuna mtu wa laini zetu asiyeujua mguu ule. Niliutambua, nikajua nawe umeutambua, nikamwomba Mungu akufumbe macho. Wiki ile ile mtoto wake Zipora alikuwa ameshikwa na nimonia, na wewe ndiye uliyembeba mgongoni mpaka hospitali ya Thika, mkipokezana na babake njia nzima. Hukuwa umepata habari tena za mtoto.

Ulifika mbele yake. Lile gunia likaanza kwenda upande, hivi, la kukataa. Nililiona kwa macho yangu, Enoka, alikuwa anakupitisha. Na wewe ukanyoosha mkono. "Mulembe, Yakobo," ukasema, salamu ya kwenu, kama vile mmekutana kisimani. "Zipora amepona?"

Askari wote waligeuka. Gunia likasimama kabisa, hata kupumua sikukuona. Kisha likaitikia, chini, juu, chini. Nikaona mkono wako bado umenyooka wakikuvuta.

Nimefikiria sana kuhusu kichwa kile. Kuna siku namlaani mpaka nachoka. Kuna siku najiuliza angefanya nini, ameitwa jina lake mbele ya watu, na mzungu amesimama nyuma yake akiangalia kama atamwachilia rafiki. Aliogopa. Mimi nami naogopa, ndiyo maana namjua. Faili yako sasa inasema ulimtaja mtu wa serikali hadharani ili watu wamuue. Nilimweleza yule kijana wa maswali kwamba ilikuwa salamu. Nikamwambia watu wa kwetu na wa kwao hawasalimii sawa, huyu hawezi kumpita baba wa mtoto mgonjwa bila kumwuliza. Karani alitafsiri kwa maneno machache mno. Mzungu akatabasamu, akaandika kitu, akauliza tena ni nani alikufundisha.

Yakobo walimhamishia mjini siku ile ile. Mkewe alibaki, na sasa tunaishi ukuta kwa ukuta bila salamu. Nikitoka na mtungi, yeye anaingia. Akiwasha moto, mimi nangoja. Nafikiri naye anaogopa kwamba nitasema kwa watu jina la mumewe, na wako watu msituni ambao wangelifanyia kazi jina hilo. Zipora alipona. Hilo hukujibiwa, basi nakujibu mimi. Anacheza na Jerida nyuma ya choo, na sisi mama zao tunajifanya hatuoni.

Basi tangu Jumatano nayapima majina. Mzee Salimu ni rahisi, mwenye redio, Mwarabu, hana ndugu hapa wa kumlilia. Wangelifurahia jina lake. Redio ameshaificha, na siku hizi nikiingia dukani anatazama mizani asinitazame usoni. Nadhani anajua. Juzi alinipa sukari kidogo zaidi ya niliyolipia, nami nikaichukua, nikatoka mbio kwa aibu.

Yakobo, sitakudanganya, jina lake ni tamu mdomoni. Ndiye aliyekupeleka dukani, ndiye aliyeuliza swali. Si uongo hata. Nikilisema, namlipiza na wewe unarudi, vyote kwa pumzi moja. Nimelijaribu kwa sauti nikiwa peke yangu kule mtoni. Lakini nikilisema natakiwa kurudi hapa kusikiliza ungo wa mkewe, na Zipora aje mlangoni kumwita Jerida wacheze.

Wanauliza ni nani alikufundisha. Hakuna aliyekufundisha, na hukufanya kitu. Kitu nilifanya mimi. Wanawake wote wa mstari ule wanajua ni nani aliyekalia debe kwanza. Nyapara alikuwa upande wa mwisho alipogeuka, hakuona vizuri, na mpaka leo hakuna mwanamke aliyefungua kinywa, hata wale niliogombana nao kwa ajili ya maji. Kila wakiitwa Thika nakaa roho juu mpaka warudi. Nawe ulinyamaza. Najua walikuuliza, na najua wanavyouliza, nimeona migongo ya waliorudi. Najua ulinyamaza kwa sababu bado niko hapa naandika.

Nimechoka kuwa nyuma kabisa, Enoka. Jumatatu nitawapa jina langu. Nitawaambia nilitaka debe liwe sawa, na kwamba tulikwenda mara tatu mlango ukafungwa, na mara ya nne nikakaa chini. Wakiandika sawasawa ni maneno machache tu. Wakitaka mwalimu, watafute nani alifunga mlango.

Naogopa sana. Naogopa chumba kile chenye meza na ndoo ya maji wanayozamishia watu vichwa. Naogopa mdomo wangu mwenyewe, kwamba nikiiona ndoo utatafuta jina la mtu mwingine. Ukisikia nilimtaja Mzee Salimu au Yakobo, ujue walinishinda nguvu, na ukamwombe msamaha kwa ajili yangu yule nitakayekuwa nimemtaja. Naogopa pia watanichukua na wasikurudishe. Wao ndio wenye funguo na hawakuniahidi kwa maandishi. Lakini nikinyamaza unakwenda mbali, hilo nina hakika nalo, basi nachagua lile nisilo na hakika nalo.

Barua hii siileti kambini, huko wanasoma kila kitu. Kesho nampeleka Jerida kwa mama kule Yatta, na karatasi hizi nitaziacha wazi ndani ya Biblia yetu nitakayomwachia, bila bahasha, maana bahasha iliyofungwa humtia mtu hamu. Mama hajui kusoma na hatauliza. Ukitoka najua utamfuata mtoto Yatta; ukiisoma hii, usirudi Thika kunitafuta. Usimwulize askari, usimwulize karani. Kaa hapo hapo na mtoto. Mtoto amekua, usishtuke, na meno mawili ya mbele yameng'oka.

Asubuhi ya leo nilimwambia ukweli kidogo. Nilimwambia baba anarudi. Alikuwa na kikombe cha uji, akakishusha, akafurahi, akauliza utaletwa na treni au na lori. Kisha akanitazama, unajua anavyotazama akikunja paji lako lile, akaniuliza, "Na wewe, mama, utakuwa wapi?"

Nikamwambia amalize uji. Hilo swali sikulijibu, baba yake. Nakuachia wewe.

Mkeo anayekuogopea kuliko anavyojiogopea,
Mama Jerida